Jinsi Foleni Ilivyotaifishwa

Ipo nchi iitwayo Tulizana. Kwenye ramani haionekani vizuri, kwa sababu mahali ilipo pamepigwa muhuri. Watu wake ni wapole na wana subira, na Serikali yao ni sikivu mno, husikia hata yale ambayo hayajasemwa. Yaliyotokea huko yanasimuliwa hapa bila kutiwa chumvi, maana Tulizana hata chumvi hutolewa kwa kibali.

Katika mji wa Bombwe wa nchi hiyo kulikuwa na karani wa mapokezi wa Kliniki ya Macho, mama wa makamo, mfupi, mwenye sauti ya chini, aitwaye Mwatumu Shekuwe. Kila asubuhi alipofungua mlango alikuta watu mia na ushei wamesimama, nusu yao hawaoni vizuri, wanakanyagana, na kila mmoja anaapa kuwa ndiye aliyefika wa kwanza. Mwenye sauti kubwa ndiye aliyetibiwa mapema, hata daktari akaanza kuamini kwamba maradhi ya macho huwapata zaidi watu wenye makelele.

Jambo hilo lilimkera Mwatumu. Akaazima vitabu, akajifundisha kompyuta, akapoteza mwaka mzima pamoja na urafiki wa mawifi zake, na mwisho akaandika programu aliyoiita Foleni. Kazi yake ilikuwa moja tu: kila anayefika apewe namba, na namba ndogo iitwe kabla ya namba kubwa. Wanaongoja operesheni, ambao husubiri kwa miezi, walitumiwa ujumbe wa simu kila Jumatatu kuwaambia wao ni wa ngapi. Siku ya tatu makelele yakaisha. Siku ya nne watu wakaanza kuja na vitambaa vyao vya kufuma, wakakaa kwenye mabenchi na kuulizana habari za nyumbani.

Mwatumu hakuiuza Foleni. Aliiweka kwenye mtandao pamoja na leseni ya ukurasa mmoja, aliyoiandika kwa lugha anayoongea jikoni kwake: Chukua. Tumia. Badilisha upendavyo. Mpe na mwenzio. Ila ukibadilisha kisha ukawapa watu, waonyeshe ulichobadilisha, na majina ya waliotangulia yaache palepale.

Hospitali tisa zikaichukua. Watu asiowajua wakaanza kumtumia marekebisho. Wawili walijitolea kuliko wote: Sista Pudensiana, mtawa na muuguzi wa hospitali ya misheni kule milimani, ambaye aliifundisha Foleni kupumzika Jumapili, na fundi simu mmoja aitwaye Ramso Lukindo, ambaye aliiwezesha kufanya kazi hata umeme ukikatika. Hawakuwahi kuonana uso kwa uso, lakini Mwatumu aliwahesabu kama ndugu zake.

Mambo yangeendelea hivyo, kama Waziri asingevunja miwani yake.

Waziri mwenyewe alikuwa Mheshimiwa Dakta Injinia Theobaldi Kang'ombwe, wa Wizara ya Uvumbuzi na Mambo Yaliyokwisha Kuvumbuliwa. Alipita Bombwe akielekea kwenye uzinduzi wa jiwe la msingi la jiwe jingine la msingi, miwani ikaanguka ikavunjika, wakampeleka kliniki. Mwatumu alimsalimia kwa adabu zote, akampa namba sitini na tatu, akamwonyesha benchi. Mheshimiwa alikaa dakika nne. Wasaidizi wake walisema baadaye kwamba tangu ateuliwe hajawahi kukaa muda mrefu hivyo bila kukaribishwa kusema machache. Aliuliza kifaa hicho ni cha nani. Wakamjibu kuwa si cha mtu, ni cha wote, kinatolewa hivihivi. Akatikisa kichwa polepole, na waliomjua vizuri wakaelewa kwamba amekwisha vumbua.

Miezi mitatu haikupita, wananchi wakaitwa uwanjani kushuhudia kuzinduliwa kwa Mfumo wa Taifa wa Usubirifu, kwa kifupi MTAU. Mwatumu alikuwapo, kwa kuwa watumishi wote wa afya waligawiwa fulana na kuhesabiwa langoni. Mtambo ulipowashwa kwenye skrini kubwa, aliona rangi ya kijani aliyoichagua yeye, na chini yake maneno "Tafadali subiri". Herufi moja ilikuwa imeruka pale tangu siku ya kwanza. Kila alipotaka kuirekebisha alipigiwa simu na mtu mwenye shida kubwa zaidi, mwisho akaizoea.

Mheshimiwa Kang'ombwe alipanda jukwaani akasema kwa saa mbili. Kiini cha hotuba yake kilikuwa hiki: "Ndugu wananchi, mfumo huu ni mali ya kila Mtulizana. Na kwa kuwa ni mali ya kila mmoja, hakuna hata mmoja atakayeruhusiwa kuufungua na kutazama ndani, asije akamdhulumu mwenzake kwa kutazama zaidi."

Watu wakapiga makofi. Mwatumu naye akapiga, kwa sababu mikono ilikuwa inahesabiwa pia.

Kusema kweli hakuona ubaya wa kuchukuliwa Foleni yake. Leseni ilisema chukua, nao wamechukua. Kuondolewa jina lake kulimuuma kidogo, kama mtu aliyepika pilau akasikia anasifiwa jirani, lakini alijiambia kuwa wagonjwa hawatibiwi kwa jina lake. Kilichomfanya asimame ni Fundi Bakala.

Fundi Bakala Msonde alikuwa mshona nguo, na cherehani yake ilikuwa kwenye baraza inayotazamana na kliniki. Mtoto wa jicho alikuwa amemwingia macho yote mawili. Siku MTAU ulipozinduliwa na kliniki zote kuamriwa kuutumia, alikuwa wa kumi na nne kwenye orodha ya operesheni. Jumatatu iliyofuata simu ikamwambia yeye ni wa kumi na tano. Iliyofuata, wa kumi na tisa. Baada ya miezi minne alivuka barabara kwa kupapasa, akasimama mbele ya dirisha la Mwatumu, akamnyooshea simu amsomee. Alikuwa wa hamsini na nane.

"Bi Mwatumu," alisema, "wewe unajua hesabu. Mtu aliyekaa kitako anawezaje kurudi nyuma?"

Hakuuliza kwa hasira. Mwatumu alijua kwamba fundi ameacha kutunga uzi kwenye sindano tangu mwezi uliopita, na kwamba wateja wa zamani humpelekea nguo za kutia vifungo tu, kwa huruma. Akamwahidi kwamba ataangalia. Alipojaribu kufungua mtambo aangalie, ikatokea picha ya kufuli na neno moja: Usichungulie.

Basi akaiandikia Wizara. Aliambatanisha leseni yake, akaeleza kuwa hadai chochote ila lile sharti dogo la mwisho. Kosa lake ni kwamba alitumia neno ambalo vijana wa kompyuta huyaitia maandishi ya ndani ya programu, akaandika: naomba Wizara inionyeshe kodi. Barua ikapelekwa moja kwa moja kwa watu wa mapato, nao wakamjibu ndani ya siku mbili, jambo ambalo halijawahi kutokea Tulizana, wakimkumbusha kwamba kodi haionyeshwi, hulipwa. Ilimchukua wiki sita kujiondoa huko. Barua ya pili akaandika "msimbo", nayo ikarudi na swali kama anamaanisha msumeno au msumari.

Akaamua kwenda mwenyewe makao makuu. Huko alipokelewa na Afisa Leseni Mwandamizi, mtu mwenye tai mbili, moja ya kazini na moja ya dharura. Akaigeuza ile karatasi ya Mwatumu mbele na nyuma.

"Leseni hii haina picha," akasema.

Mwatumu akamweleza kwamba si ya udereva.

"Haina daraja, haina tarehe ya kwisha, haina muhuri. Mama, leseni ni ruhusa. Ruhusa hutoka juu ikashuka chini. Wewe umekaa Bombwe, umewapa ruhusa watu wote duniani. Ulikuwa umesimama wapi ulipotoa?"

Mwatumu alijibu kwa ukweli kwamba alikuwa amekaa. Afisa akaandika jibu hilo, na faili likafunguliwa.

Kwa kuwa faili limefunguliwa, ilibidi iundwe kamati. Mtandaoni Foleni ilikuwa ikiitwa programu huru, basi ikaundwa Kamati ya Kuchunguza Maana ya Neno Huru, yenye wajumbe thelathini na mmoja, ikaenda kujichimbia kwenye hoteli ya ziwani kwa wiki kumi na moja. Ripoti yake ilisifiwa kwa uzito, maana ilibebwa na watu wawili. Kamati iligundua kwamba kitu huru ni kitu kisichofungwa na mtu, kisichofungwa na mtu hakina mwenyewe, na kisicho na mwenyewe ni cha Serikali. Kwa hiyo Foleni ilikuwa ya Serikali tangu ilipokuwa huru, na kabla ya hapo ilikuwa ya Serikali kwa sababu ilikuwa inaelekea kuwa huru. Mjumbe mmoja aliyetaka kujua tofauti ya huru na bure aliteuliwa kuwa balozi wa mbali.

Mwatumu alipoona hivyo akawageukia ndugu zake wa mtandaoni. Huko alikuta msiba mwingine. Sista Pudensiana na Ramso Lukindo walikuwa wamekosana. Sista alishikilia kwamba Foleni iitwe programu huru, kwa sababu jambo kuu ni haki ya mtu. Ramso alishikilia iitwe programu wazi, kwa sababu neno huru linawatia hofu wenye makampuni, na kilicho wazi huonekana ubora wake bila mahubiri. Walikuwa wamekwisha andikiana barua mia tatu. Kila mmoja ameanzisha chama chake, na vyama vyote viwili vimetoa tamko kuhusu MTAU, lakini tamko la kila chama lilitumia kurasa nne kukilaumu chama kingine na mstari mmoja kuilaumu Serikali. Mwatumu aliyasoma yote mawili akiwa kazini, akazima kompyuta, akaenda uani kukaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Kwa mara ya kwanza alijiona mpweke.

Wakati huohuo, akiwa hajainuka pale kwenye ndoo, wakaja askari wawili wenye hati. Alikuwa anashtakiwa kwa kumiliki nakala ya mfumo wa Taifa bila leseni.

Shauri lilisikilizwa na Baraza la Leseni, chini ya mwenyekiti wake, Jaji mstaafu Bi Nuruel Mbepera. Alikuwa mama mkavu asiyecheka ovyo, na alisoma hati ya mashtaka akiwa ameisogeza karibu na pua kama anayenusa. Wakili wa Serikali alieleza kwamba nakala ya mshtakiwa ina umri wa miaka minne, ilhali mfumo wa Taifa una umri wa mwaka mmoja.

"Maana yake, Mheshimiwa," akasema, "mama huyu alinakili kazi ya Serikali miaka mitatu kabla haijatungwa. Katika utumishi wangu sijaona ujanja wa kiwango hiki."

Mwatumu, ambaye hakuwa na wakili, aliomba kuuliza swali moja. Akauliza kwa nini mfumo wa Taifa unaandika "tafadali", kosa alilolifanya yeye kwa kidole chake. Mtaalamu wa Wizara akaomba dakika kumi, akatoka na simu, akarudi akatangaza kwamba hakuna kosa. Tafadali ndiyo tahajia rasmi kuanzia saa nne na robo asubuhi hiyo, na Wizara imekwisha agiza kamusi zikusanywe. Tangu hapo barua zote za Serikali ya Tulizana huandikwa tafadali, na watoto wa shule wawili walioandika tafadhali walichapwa kidogo.

Mwatumu hakuwa na ushahidi mwingine. Ndipo Jaji Mbepera alipoweka karatasi chini.

"Baraza hili halina maslahi yoyote katika shauri," akasema. "Lakini mtaalamu anieleze jambo. Nilipostaafu nilikuwa wa ishirini na mbili kwenye operesheni ya macho. Jumatatu hii ni wa sabini na moja. Mfumo umebadilishwa nini?"

Mtaalamu alijibu kwamba hilo ni siri ya Taifa. Jaji akamuuliza kama yeye mtaalamu anaijua. Akajibu kwamba hapana, ndiyo maana ni siri. Jaji akarudi kwa Mwatumu, akamwomba amsomee ile leseni yake kwa sauti, kwa kuwa yeye haoni vizuri maandishi. Mwatumu akasoma. Haikuchukua hata dakika moja, na watu waliozoea sheria za Tulizana walibaki wakisubiri sehemu ya pili.

Hukumu ilikuwa fupi vilevile. Kama leseni hiyo si halali, alisema Jaji, basi Serikali ilichukua Foleni bila ruhusa ya mtu, na hilo ni wizi. Kama ni halali, Serikali ilikuwa na ruhusa, na inapaswa kuonyesha ilichobadilisha. Aliipa Wizara hadi Ijumaa ichague ni lipi kati ya hayo mawili.

Wizara ikachagua kuonyesha. Ijumaa hiyo lori likasimama mbele ya kliniki, likamwaga msimbo wote wa MTAU ukiwa umechapishwa kwenye karatasi elfu kumi na moja na mia nne, zisizo na namba za kurasa, zilizochanganywa kwa uangalifu. Dereva akamsainisha Mwatumu kwamba amepokea uwazi.

Alisimama mbele ya ule mlima wa karatasi asijue aanzie wapi. Jumamosi asubuhi basi la milimani likamshusha mama mrefu mwenye shela nyeupe ya kitawa na kikapu. Nusu saa baadaye basi la mjini likamshusha kijana mwembamba mwenye begi la vifaa vya simu. Mwatumu hakuwa amemwita yeyote kati yao. Wakasalimiana naye, wao wawili wakatazamana, na kila mmoja akachagua upande wake wa mlima, mbali na mwenzake.

Wagonjwa nao hawakukaa bure. Walioona vizuri kidogo walisoma mistari ya kwanza kwa sauti, wasioona wakakumbuka ukurasa upi unafuata upi, na kwa kuwa walikuwa na mazoea ya kusubiri, hakuna aliyechoka. Fundi Bakala alipewa kazi ya kufunga karatasi mafungu kwa uzi, akazifunga kwa mafundo ambayo hakuhitaji kuyaona. Kufikia siku ya tatu Sista alimuuliza Ramso kitu kimoja kuhusu mstari uliokatika, Ramso akamjibu, na tangu hapo wakawa wanabishana huru na wazi kwa sauti ya kawaida, huku mikono ikifanya kazi.

Siku ya sita Sista Pudensiana alisimama na ukurasa mmoja mkononi.

Ulikuwa na orodha ya majina mia mbili na kumi na mawili, na juu yake agizo: hawa watangulie daima, wengine wasogezwe nyuma. Mheshimiwa Waziri alikuwamo, na wake zake, na madereva wa wake zake, na jina la themanini na nane lilikuwa la mbwa wake mlinzi, ambaye kwa mujibu wa kumbukumbu alikuwa amekwisha pimwa macho mara tatu. Pembeni mwa agizo, pale ambapo waandishi wa programu hujiandikia vidokezo vyao, kulikuwa na maneno haya: Nimeagizwa kuandika hivi. Sikupenda. Jovinari, chumba namba tisa.

Mwatumu aliwasomea watu waliokuwa kwenye mabenchi orodha yote, jina kwa jina, kwa ile sauti yake ya chini. Alipofika kwa mbwa, mzee mmoja akauliza kama angalau miwani ilimkaa vizuri, na kliniki nzima ikacheka mpaka daktari akatoka.

Kisha wakafanya kile ambacho leseni iliwaruhusu tangu mwanzo. Wakaifuta orodha, wakarudisha jina la Foleni, wakaiweka mtandaoni pamoja na maelezo ya kila walichobadilisha. Kwenye majina ya waliotangulia wakamwongeza Jovinari wa chumba namba tisa, kwa kuwa ndivyo sharti lilivyosema, na kwa kuwa, kama alivyosema Sista, aliacha mlango bila kuufunga kabisa. Hospitali zikaichukua moja baada ya nyingine, kimyakimya, nyingine zikiacha rangi za MTAU kwa nje wasisumbuliwe.

Wizara haikushtuka. Ilitangaza kwamba Toleo la Pili la MTAU limekamilika kama lilivyopangwa, na Mheshimiwa Kang'ombwe akatunukiwa shahada ya nne kwa kulibuni. Mwatumu naye hakusahauliwa. Aliletewa leseni yenye picha, daraja na muhuri, inayomruhusu kutumia Foleni kwa mwaka mmoja, ndani ya wilaya yake, isipokuwa siku za sikukuu. Akaitia kwenye faili, maana yeye alikuwa karani.

Orodha ya Bombwe ikaanza kwenda mbele. Jaji Mbepera akafanyiwa operesheni, akalipa, akashukuru, akaenda zake bila kusema zaidi. Wiki ya tano simu ya Fundi Bakala ikamwita yeye.

Siku ya kufunguliwa bandeji Mwatumu aliacha dirisha lake kwa muda, akaingia chumbani kushuhudia. Daktari aliondoa pamba polepole. Fundi alifumba macho, akafumbua, akafumba tena, machozi yakimchuruzika kwa sababu ya mwanga. Akatazama ukuta, akamtazama daktari, kisha akamgeukia Mwatumu, akamtazama kwa muda mrefu hadi naye akaanza kulengwalengwa na machozi. Fundi akanyoosha mkono, akamshika bega, akalipapasa gauni lake kwenye mshono wa mkono.

"Nani amekushonea hivi?" akauliza. "Mkono umekaa upande. Na huku ameruka mshono."

Mwatumu alitaka kumficha, ikamshinda.

"Ni wewe, Fundi. Mwaka jana, kabla ya Idi."

Fundi Bakala akausogeza uso karibu na mshono, ingawa hakuhitaji tena kuusogeza, akauchunguza mwanzo hadi mwisho.

"Basi niletee kesho," akasema. "Niufumue."